Elton na Leon, au Elton na Brandi: uanze na albamu ipi?

Binti wa kaka yangu alinipigia simu akiwa dukani. "Shikamoo, baba mdogo. Nataka kumnunulia baba ile santuri ya Elton John aliyoimba na Mmarekani wa kantri, ila naona ziko mbili na pesa niliyo nayo ni ya moja. Nichukue ipi?" Nikamwomba anipe siku mbili. Albamu zote mbili nimeishi nazo, na kumjibu pale pale ningeionea mojawapo.

Ya kwanza ni The Union, aliyoifanya na Leon Russell, ikatoka Oktoba 2010. Ya pili ni Who Believes in Angels?, aliyoifanya na Brandi Carlile, ikatoka tarehe 4 Aprili 2025. Mwimbaji Mwingereza ni yule yule, na mwandishi wake wa mashairi, Bernie Taupin, ni yule yule waliyekutana mwaka 1967. Kilichobadilika ni mtu wa upande wa pili, na pamoja naye kimebadilika kiti alichokalia Elton mwenyewe. Mbele ya Leon aliketi kama mwanafunzi aliyerudi kulipa deni. Mbele ya Brandi yeye ndiye mwalimu, na deni analipwa yeye. Kila tofauti utakayoisikia kati ya albamu hizi, kuanzia mwendo wa ngoma hadi urefu wa nyimbo, inatoka hapo.

Nianze na Leon, kwa sababu wengi wetu tumekua tukimsikia bila kulijua jina lake. Superstar ya Carpenters, alishiriki kuitunga. This Masquerade, iliyompa George Benson umaarufu mkubwa mwaka 1976, ni yake. A Song for You, ambayo imeimbwa na wasanii wasiohesabika, ni yake. Alizaliwa Lawton, Oklahoma, mwaka 1942, akawa mpiga piano wa kukodiwa katika studio za Los Angeles kabla watu hawajaijua sura yake, na mwaka 1973 akatoa albamu nzima ya kantri akijiita Hank Wilson. Sauti yake hutokea puani, ina mkwaruzo, na ina kitu cha mhubiri wa kijijini ambaye hana haja ya kupaza sauti ili asikilizwe.

Mwaka 1970 Elton alikuwa kijana wa miaka 23 aliyeingia Marekani kwa mara ya kwanza. Siku hizo hizo za mwanzo, akipiga katika ukumbi wa Troubadour, Los Angeles, alimwona Leon ameketi kati ya watazamaji na akaingiwa na hofu, maana hakuna mpiga piano aliyemhusudu kuliko yule. Novemba mwaka huo akawa anamtangulia jukwaani katika ukumbi wa Fillmore East, New York. Baadaye njia zao ziliachana. Elton akajaza viwanja vya mpira duniani kote, Leon akashuka taratibu hadi kwenye kumbi ndogo za pembezoni. Elton amesimulia kwamba alikuwa mapumzikoni mbugani, huku huku Afrika, mwenzi wake David Furnish alipocheza nyimbo za Leon, naye akajikuta analia. Alimtafuta kwa simu baada ya miaka mingi ya ukimya, na wazo la albamu likazaliwa.

Januari 2010 Leon alifanyiwa upasuaji wa ubongo, na kazi ya studio ilifanyika akiwa bado anajiuguza. Usiisikilize The Union bila kulijua jambo hili. Katika baadhi ya nyimbo anaimba kama mtu anayeujaribu mguu uliokuwa umevunjika: anakanyaga kidogo, anasita, kisha anakanyaga tena kwa uhakika zaidi. Elton anamsubiri. Wako wasikilizaji wanaolalamika kwamba Elton anaimba sehemu kubwa mno. Mimi nasikia mtu anayebeba mzigo mzito zaidi kwa sababu mwenzake ametoka hospitali.

Prodyuza alikuwa T Bone Burnett, na mkono wake unaujua mara moja: ngoma zinapigwa kwa chini, besi ni nene, kila kitu kina rangi ya mbao kuukuu. Juu yake kuna piano mbili, kinanda cha Booker T. Jones, kwaya ya mtindo wa injili, tarumbeta, na gitaa la kulazwa la Robert Randolph, lile linaloburuzwa kwa chuma na kutoa sauti ya kulia ambayo kila mpenzi wa kantri anaitambua. Nyimbo ni 14, na zote pamoja zinapita saa moja.

Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu kabla ya kununua, sikiliza Gone to Shiloh. Unamhusu mkulima anayeliacha shamba lake alfajiri na kwenda vitani. Shiloh ni mahali katika jimbo la Tennessee ambapo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipambana kwa siku mbili mwezi Aprili 1862, na waliouawa, kujeruhiwa au kupotea walizidi 23,000. Mgeni wao katika wimbo huu ni Neil Young, na wanaume watatu wanapokezana beti, kila mmoja na uzee wa aina yake kooni: Leon mkavu, Young mwembamba na wa juu, Elton mpana. Hakuna anayeimba kwa hasira wala kwa majigambo. Wanaimba kama wazee waliokaa barazani wakimtazama kijana anaishia barabarani, wakijua wasichoweza kumwambia.

Halafu kuna Jimmie Rodgers' Dream, na hapa naomba nisimame kidogo, maana wimbo huu unatugusa kwa njia ambayo sidhani kama Elton wala Leon waliifahamu. Jimmie Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, akawa nyota mkubwa wa kwanza wa kantri, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Sahani zake za gramafoni zilisafiri mbali mno. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, magharibi mwa Kenya, na huko akawarekodi wasichana wakiimba kuhusu kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa, jina lake Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers aliyepita katika ulimi wa Kikipsigis. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki akiwasikia wazee wawili wa Uingereza na Oklahoma wakimwota Jimmie Rodgers mwaka 2010, ajue kwamba sisi tulikuwa tumeshamwota miaka sitini kabla yao, na tukampa kwato.

Kasoro za The Union zipo. Ni ndefu. Katikati kuna nyimbo mbili tatu za mwendo wa pole zinazofuatana, na msikilizaji mchovu anaweza kusinzia. Na kwenye spika ya simu inakufa kabisa: zile sauti nzito za chini alizozipanga Burnett zinapotea, unabaki na wazee wanaonung'unika. Inataka redio kubwa au spika za kuvaa masikioni.

Sasa Brandi Carlile.

Alizaliwa mwaka 1981 Ravensdale, jimbo la Washington, na kama mtoto alipanda jukwaani na mama yake kuimba nyimbo za kantri. Bado alikuwa msichana mdogo aliposoma habari za Ryan White, kijana wa Indiana aliyeambukizwa VVU kwa dawa ya damu, akafukuzwa shule, na kufariki mwaka 1990. Katika habari hizo alikutana na jina la Elton John, aliyeimba katika mazishi ya kijana huyo. Tangu hapo chumba chake kilijaa picha za Elton. Mwaka 2009 akamwandikia barua kumwomba apige piano katika wimbo wake mmoja, na Elton akakubali. Sifa yake ya kantri ameipata kwa kazi: mwaka 2019 aliunda kundi la The Highwomen na wanawake wenzake watatu, na mwaka huo huo akashiriki kutayarisha albamu iliyomrudisha Tanya Tucker na kumpa mama yule tuzo zake za kwanza za Grammy. Ni mtunzi hodari, na sauti yake inaweza kutoka mnong'ono hadi ukelele ndani ya mstari mmoja bila kupasuka.

Oktoba 2023, miezi mitatu baada ya Elton kumaliza ziara yake ya kuaga, waliingia studio ya Sunset Sound, Los Angeles, na prodyuza Andrew Watt. Waliingia mikono mitupu, bila wimbo hata mmoja, wakajipa siku 20. Bernie na Brandi wanaandika maneno, Elton anakaa kwenye piano na kutafuta tuni, wapigaji wanasubiri: Chad Smith kwenye ngoma, Pino Palladino kwenye besi, Josh Klinghoffer kwenye gitaa na kinanda. Elton alikuwa amechoka na mwenye hasira siku za mwanzo. Kamera zilikuwepo, na katika video walizozitoa anaonekana akichana karatasi ya maneno na kutupa vifaa vya masikioni. Naheshimu kwamba aliacha watu waone. Ukisikiliza albamu hiyo unaelewa joto lake linatoka wapi.

Inafunguka na The Rose of Laura Nyro, yenye utangulizi mrefu wa vyombo vitupu, kisha wimbo wenyewe wa kumkumbuka yule mtunzi wa Bronx aliyefariki 1997. Unaofuata ni Little Richard's Bible, piano ya kugongwa kwa ngumi, kuhusu mfalme wa roki aliyeyumba maisha yake yote kati ya jukwaa na madhabahu. Nyimbo ni kumi tu, kama dakika 45 hivi, na nusu ya kwanza haikupi nafasi ya kukaa. Huko Uingereza albamu iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza katika chati.

Hapa ni lazima niseme wazi kwa mpenzi wa kantri, kwa sababu jina la Brandi linaweza kumpotosha: hii ni albamu ya roki na ya nyimbo za piano. Kantri imo ndani ya koo la Brandi na katika namna anavyoiweka sauti ya pili juu ya ya Elton, karibu sana, kama watu wa familia moja wanavyoimba kanisani. Imo pia katika utunzi wa hadithi fupi iliyo wazi. Ukitafuta fidla na gitaa la kulia utatoka mikono mitupu. Na imepigwa kwa sauti ya juu tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba kuna mahali natamani Watt angepunguza kidogo, hasa katika wimbo wenye jina la albamu, ambao una tuni nzuri iliyobanwa na vyombo.

Mahali ninapompenda Brandi zaidi ni pale Elton anaponyamaza. You Without Me anauimba peke yake, na gitaa, kumhusu binti yake anayeanza kukua na kuwa mtu asiyemhitaji kwa kila jambo. Mzazi yeyote aliyewahi kusimama mlangoni mwa chumba cha mtoto aliyejifungia atauelewa hata kama Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Tofauti na huo kuna Never Too Late, alioanza kuuandika baada ya kutazama filamu ya maisha ya Elton, na ambao ulifika kwenye orodha ya wanaowania Oscar mwaka 2025. Ni maneno ya mtu mdogo anayemwambia mkubwa wake kwamba bado muda upo. Leon angekuwa hai asingeweza kumwimbia Elton hivyo. Brandi anaweza, kwa sababu ni mdogo kwake kwa miaka 34 na amekuwa akimtazama tangu utotoni.

Sauti ya Elton yenyewe iweke kwenye mizani pia. Tangu upasuaji wa koo wa mwaka 1987 aliipoteza ile sauti nyembamba ya juu ya miaka ya sabini. Katika The Union, akiwa na miaka 63, ana kifua kipana, anatulia, anaimba kwa kujishusha ili Leon asifunikwe. Mwaka 2023, akiwa na 76, pumzi ni fupi zaidi na baadhi ya maneno yanamezwa, lakini anasukuma, kwa sababu pembeni yake kuna mwanamke ambaye akiifungua sauti hakuna ukuta wa kumzuia. Kama unamjua Elton kwa nyimbo za Lion King tu, za mwaka 1994, ambako hata Hakuna Matata tuni ni yake, utastuka kidogo kwa zote mbili, na zaidi kwa ya pili.

Kabla sijafika kwenye jibu, kuna wanaouliza kwa nini nisiwaambie wachukue Raising Sand ya Robert Plant na Alison Krauss waachane na Elton kabisa. Ni swali la haki. Albamu hiyo ya mwaka 2007, prodyuza wake akiwa Burnett huyo huyo, ilichukua Grammy tano kwa usiku mmoja Februari 2009, ikiwemo ya albamu ya mwaka. Kwa masikio yangu, sauti mbili kutoka pande mbili za Atlantiki hazijawahi kuchanganyika vizuri zaidi: Plant, Mwingereza aliyekuwa akipiga mayowe na bendi ya Led Zeppelin, anaimba kwa kunong'ona ili asimwamshe Krauss, binti wa blugrasi, ndugu wa kantri, kutoka Illinois. Kama unataka utulivu wa usiku, chukua hiyo na usijute. Lakini karibu nyimbo zote ni za watu wengine, zilizochaguliwa kwa ustadi. Wao ni waimbaji waliokutana mbele ya kitabu cha nyimbo. Kwa Elton unapata watunzi waliokutana, wakaambizana kitu ambacho hakikuwepo kabla. Vivyo hivyo All the Roadrunning ya mwaka 2006, ya Mark Knopfler na Emmylou Harris: nzuri, tulivu, nyimbo nyingi ni za Knopfler, na mpenzi wa Dire Straits, bendi yake ya zamani, asiikose. Hainitikisi.

Basi, uchaguzi wenyewe. Kama unaingia kwa mara ya kwanza, una simu na bando, na unapenda wimbo unaokushika ndani ya dakika ya kwanza, anza na Who Believes in Angels?. Iache icheze kwa mpangilio wake, usiruke. Kama una umri wa kuwa umezika marafiki, au umelelewa na Jim Reeves na Skeeter Davis redioni Jumapili mchana kama sisi tulivyolelewa, anza na The Union, na uipe saa nzima bila kufanya kazi nyingine. Mara ya kwanza huenda isikuambie mengi. Mimi niliiweka kando kwa karibu mwaka mzima, nikaja kuirudia baada ya msiba, na tangu hapo sijaipa mtu kwa kuazima.

Mwenye nafasi ya zote mbili nampa zoezi moja. Cheza wimbo wa mwisho wa kila albamu, ukifuatanisha. The Union inafungwa na In the Hands of Angels, ambao Leon aliuandika peke yake kumshukuru Elton kwa kumtoa gizani. Leon alifariki Nashville tarehe 13 Novemba 2016. Who Believes in Angels? inafungwa na When This Old World Is Done with Me, Elton na piano yake, akiyaimba maneno ya Taupin kuhusu kifo chake mwenyewe. Alipokuwa akiitafuta tuni yake studio alifika kwenye kibwagizo akaangua kilio, na Brandi akamkumbatia pale pale kwenye kiti. Malaika wa mwisho wa Leon na malaika wa jina la albamu ya pili, sijui kama kuna aliyepanga wakutane. Mimi nikizisikiliza nyimbo hizo mbili pamoja nahisi ni wimbo mmoja ulioimbwa na watu wawili kwa kupishana miaka 13.

Yule binti nilimjibu hivi: baba yako mchukulie The Union, wewe sikiliza ya Brandi kwenye simu yako, anza na You Without Me kisha unipigie. Hakunipigia yeye. Alinipigia kaka, Jumapili mchana, hata salamu hakutoa. Aliisogeza simu karibu na spika, nikasikia Jimmie Rodgers' Dream kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sindano ilipofika kwenye wimbo unaofuata akauliza, "Huyu mzee wa sauti ya puani ni nani, na mlimficha wapi miaka yote hii?"